Motakaa Iliyotoka Bandari Salama Kwenda Bahari ya Magharibi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mnaowafundisha watoto habari za nchi yetu, katika kitabu hiki cha jubilei wengine wameandika juu ya makanisa, juu ya mapadre wa kwanza, na juu ya shule. Mimi nimeona si vibaya kuandika habari ya njia. Maana kila habari njema na kila habari mbaya ilitufikia kwa njia fulani, na mtu aliyeikanyaga njia hiyo kwa miguu yake hutajwa mara chache sana.

Sisi tunaokaa Keko twaishi karibu na barabara kubwa iendayo Pugu. Mchana na usiku malori yapita kwenda bara, na hapana mtoto wa Keko ageuzaye shingo kutazama gari. Lakini siku moja katika mwaka wa 1907 mji mzima wa Bandari Salama ulikuwa na sababu ya kutazama. Siku ya 10 Agosti mwaka ule, askari mmoja wa Kidachi, jina lake Paul Graetz, aliyekuwa luteni katika jeshi la serikali ya Kidachi, alipanda motakaa yake akaondoka mjini akisema kwamba atakwenda nayo mpaka bahari ya upande wa pili wa Afrika. Watu wa siku zile waliijua motakaa kama kitu cha mjini, cha kutembelea barabara iliyosawazishwa. Kwenda nayo bara, mahali ambapo hata punda hufa njiani, lilikuwa jambo la kuchekesha.

Motakaa ile ilitengenezwa makusudi na kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Tumbo lake lilikuwa limeinuliwa juu, lisikwaruzwe na mawe na visiki. Lakini msomaji asidhani ilikuwa kama magari ya siku hizi yavutayo kwa magurudumu yote manne. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na mipira yake ilikuwa myembamba kuliko mipira ya malori yetu. Ikizama katika mchanga, hapakuwa na dawa ila mikono ya watu.

Na mbele yake kulikuwa na nchi gani? Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa Bandari Salama mwaka wa 1905, na ilipofika Morogoro mwaka wa 1907 ulikuwa ukikaribia kwisha. Kupita hapo ilikuwa njia ya misafara. Wazee wetu waliijua vema njia hiyo. Ukitoka Mpwapwa kwenda Ugogo wakutana na Marenga Mkali, nchi kame ambayo jina lake latosha kuieleza, maana maji yake machache yalikuwa machungu kinywani. Ukimaliza Ugogo wapanda ukingo wa bonde kubwa pale Kilimatinde, kisha waingia Mgunda Mkali, pori la miiba, ambalo wapagazi walilipita mbio kwa hofu ya kiu. Sisi twasikia neno “jangwa” tukafikiri habari za Misri au za Arabuni; lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na majangwa yake mawili kabla ya kufika nyumbani Tabora.

Hapana budi niseme pia hali ya nchi wakati ule. Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Siku kumi baadaye aliuawa Askofu Cassian Spiss, msimamizi wa misheni ya upande wetu huu, pamoja na wenzake wanne, walipokuwa wakisafiri kwa miguu kwenda kusini; habari hiyo kila mkristo wa Bandari Salama ameisikia. Lakini isimuliwe na nyingine pamoja nayo. Serikali ilichoma mashamba na maghala ili watu washindwe kwa njaa, na wanaohesabu husema waliokufa wapata laki mbili na nusu hata laki tatu, wengi wao bila kupigwa risasi. Basi Graetz alipowasha motakaa yake mwezi wa Agosti 1907, moshi wa vita ulikuwa haujatoka machoni mwa watu. Yeye alikwenda upande wa magharibi, si kusini, lakini nchi ilikuwa moja na serikali ilikuwa moja.

Sasa nataka walimu wasimame kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye hesabu nzuri kwa watoto. Motakaa hula petroli. Kati ya pwani na Tabora hapakuwa na duka la petroli hata moja. Gari la ng'ombe halikuweza kuipeleka, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na farasi njiani. Kwa hiyo, mbali na reli, kila debe lililofika bara lilifika juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata kilo thelathini; madebe mawili ya petroli, ya lita kumi na nane kila moja, yanakaribia uzito huo. Tuseme motakaa kama ile, katika njia mbaya, ilikunywa lita ishirini na tano kwa kila kilomita mia. Basi mtu mmoja akitembea kutwa na mzigo wake, jua likimchoma, alikuwa amebeba mwendo wa kilomita mia moja na arobaini hivi tu. Na mtu huyo aliwahi kupita njia hiyo kwanza kabla ya motakaa, kwa maana petroli ilipaswa kuwapo mahali pake kabla mwenye gari hajafika. Twasema motakaa ya kwanza ilivuka Afrika. Kwa kweli ilifuata nyayo za watu walioitangulia na chakula chake.

Tena wako waliofyeka vichaka, waliokata miti ya kutengeneza madaraja, walioshika kamba katika vijito na makorongo. Njia nyingi za serikali zilikuwa zimelimwa kwa kazi ya lazima. Jumbe aliambiwa alete watu, naye akawaleta. Mwaka wa 1910 Graetz alitoa kitabu cha safari yake, kiitwacho “Im Auto quer durch Afrika”, na kwa kitabu hicho jina lake likadumu. Simlaumu kwa kuandika, maana mtu asiyeandika habari zake asilalamike zikisahauliwa. Nasikitika tu kwamba katika wale waliovuta kamba hapana aliyeshika kalamu.

Safari haikwenda kama alivyokusudia. Chuma kiliharibika, akangoja vipuri kutoka Ulaya, navyo vilipofika bandarini vikabebwa tena bara. Wenzake wa Kizungu aliotoka nao hawakuwa ndio aliofika nao. Alifika bahari ya magharibi tarehe 1 Mei 1909. Hesabu tangu 10 Agosti 1907 utapata siku 630. Mwendo wote ulikuwa yapata kilomita 9,500. Gawanya, utaona ni kilomita kumi na tano kwa siku. Msafara wa wapagazi wenye mizigo ulikwenda kilomita kumi na tano hata ishirini na tano katika siku ya kutembea. Najua atatokea mtu wa kunisahihisha kwamba nimehesabu hata siku za kungoja vipuri, naye atakuwa amesema kweli. Lakini mpagazi naye akiumwa mguu siku zake za kungoja zahesabiwa, na mguu wake haukuagizwa Ujerumani.

Nisiwachoshe kwa njia ya katikati. Kutoka Tabora alishuka hata ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akaingia nchi ambayo leo ni Zambia. Huko reli ya Waingereza iliyotoka kusini ilikuwa imefika Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe, tangu mwaka wa 1906, na tangu hapo taabu ilikuwa ya namna nyingine, kwa kuwa palipo na reli pana petroli, pana mafundi, pana na mikate. Akapita nchi ya Zimbabwe, akafika Johannesburg. Huko watu walikuwa na motakaa zao, wala hawakuitazama sana ya kwake ila kwa mavumbi yake.

Kisha akaelekea magharibi, ndipo alipokutana na Kalahari.

Kalahari si jangwa tupu kama watu wengi wadhanivyo. Ina nyasi, ina miti ya miiba, ina wanyama. Isichokuwa nacho ni maji juu ya ardhi. Mvua ikinyesha mchanga waimeza mara moja. Kwa motakaa za siku zile huo ulikuwa mtego wa namna tatu. Kwanza, mchanga mzito hulazimisha injini kufanya kazi kubwa huku gari likienda polepole, hata maji ya rejeta yakachemka na kuisha. Basi injini na binadamu wakawa wanagombea debe moja la maji. Pili, mbegu za nyasi ndefu huingia katika rejeta na kuiziba, joto likazidi. Tatu, mchanga wa mchana, uliokauka na kulegea, hauna nguvu ya kulibeba gurudumu. Alfajiri, wakati wa baridi na umande, hushikana kidogo. Kwa sababu hiyo dereva wa jangwani mwenye akili huondoka kabla ya jua, hupunguza upepo wa mipira ili itandaze nyayo kama nyayo za ngamia, na akikwama hatii moto injini kwa hasira, maana gurudumu likizunguka pale pale lajichimbia kaburi. Huteremka, akatafuta nyasi na matawi, akatandika.

Hayo nayasema si kwa kusoma tu. Mwaka mmoja tulikuwa tukienda kigangoni upande wa Mkuranga katika gari la kuazima, nami nikiwa nimepanda nyuma pamoja na wanakwaya. Tukakwama katika mchanga mweupe ambao hata wiki ile ulikuwa umelowa mvua. Dereva wetu, kijana mwenye moyo mkuu, akakanyaga mafuta mpaka ekseli ikalala chini. Mama mmoja wa jirani akatoka shambani, akatutazama, akasema: “Baba, hilo si lori la kulazimisha, hebu lipumzisheni.” Akatuletea makuti. Kwa makuti yake tulitoka. Wanakwaya waliimba wakiwa na mchanga hata masikioni, na misa ilichelewa saa mbili.

Watu wa Kalahari wenyewe, Wasan, walikaa nchi ile miaka maelfu bila gurudumu. Walikunywa maji ya matikiti ya porini, wakazika maji katika maganda ya mayai ya mbuni, wakayarudia wakati wa kiangazi. Petroli ya mzungu ikiwekwa akiba njiani twaiita maarifa. Na hayo mayai ya mbuni tuyaiteje?

Upande wa kaskazini-magharibi jangwa hilo hilo huitwa Omaheke, na mtu asimulie lo lote juu ya safari hii asipolitaja Omaheke atakuwa ameficha jambo. Mwaka wa 1904 Waherero wa nchi ile, ambayo leo ni Namibia, walipigana na serikali ya Kidachi. Baada ya mapigano ya Waterberg, tarehe 11 Agosti 1904, walikimbilia Omaheke na wake zao na watoto na ng'ombe. Jeshi likawafuata, likawazuia wasirudi penye visima. Tarehe 2 Oktoba Jenerali Lothar von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero aonekanaye katika mipaka ya nchi apigwe risasi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kiu katika mchanga ule. Wanama nao, waliopigana baada yao, waliuawa, na wengi wa makabila hayo mawili wakafa katika kambi, ambazo zilifungwa mwaka wa 1908. Graetz alipita mwaka wa 1909. Kwa hiyo safari iliyoanza katika nchi iliyotoka kupigwa kwa njaa iliishia katika nchi iliyotoka kupigwa kwa kiu, na bendera ilikuwa ni ile ile pande zote mbili.

Waliohusika wamekuja kukiri, ijapokuwa kwa kuchelewa sana. Mwezi wa Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji yale ya Waherero na Wanama kwa jina lake, mauaji ya kimbari. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa mambo ya Maji Maji.

Turudi njiani. Windhoek upo juu sana, yapata mita 1,650 juu ya bahari. Kutoka hapo kwenda pwani nchi yaporomoka milima kwa milima, mawe matupu yaliyokatwakatwa na mito isiyo na maji, kisha milima yaisha na jangwa la Namib laanza, changarawe na mchanga mpaka ukingo wa bahari. Katika njia kama hiyo dereva huogopa mteremko kuliko mlima. Kupanda, gari likishindwa husimama, na utingo hutia jiwe nyuma ya gurudumu. Kuteremka, breki zikichoka hapana jiwe litakalowahi. Lazima uteremke kwa gea ndogo, uiache injini yenyewe ishike gari, na macho yako yawe kwenye kona ya pili, si hii uliyomo. Madereva wetu wa Kitonga, kule Iringa, wanaijua sheria hiyo, na wasioijua wameacha mabati yao bondeni.

Kabla ya Graetz walikuwako wengine waliojaribu mashine katika nchi ile. Mwaka wa 1896 Luteni Edmund Troost alileta kutoka Ujerumani gari kubwa la moshi, la uzito wa zaidi ya tani kumi, avute mizigo kupita Namib badala ya ng'ombe. Lilishushwa Walvis Bay, likangoja miezi, kisha likachukua miezi mitatu kufika Swakopmund, mwendo wa kilomita thelathini tu na kidogo. Lilizama mchangani na kunywa maji katika nchi isiyo na maji. Mwaka wa 1897 likasimama kabisa nje ya mji, lisiende mbele wala nyuma. Watu wakaliita “Martin Luther”, kwa kuwa yasimuliwa kwamba Luther mbele ya wakuu alisema amesimama pale na hawezi kufanya jingine. Ndugu zetu Walutheri watanisamehe. Jina si langu. Gari hilo lipo hata leo Swakopmund, limejengewa nyumba, na wageni hulitazama.

Mwingine alifanya vizuri zaidi. Mwaka wa 1907, kiwanda cha Daimler kilitengeneza gari kwa ajili ya Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni, yule aliyetembelea nchi yetu mwaka huo huo. Gari hilo lilivuta kwa magurudumu yote manne, na magurudumu yote manne yaligeuzwa kwa usukani. Lilizidi tani tatu kwa uzito. Mwaka wa 1908 Dernburg alitembelea nalo mamia ya kilomita katika Namibia, kisha likabaki kwa polisi wa Windhoek. Kwa maoni yangu hilo ndilo babu wa magari yote ya porini tuyajuayo, ijapokuwa Graetz ndiye aliyepata sifa. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka wa 1948, ikapendwa na kila misheni na kila bwana shamba, ni mjukuu aliyezaliwa miaka arobaini baadaye.

Basi tarehe 1 Mei 1909 motakaa ya Graetz ilifika Swakopmund, penye ukungu wa asubuhi utokao katika bahari baridi. Mwenyewe hakutulia. Mwaka wa 1911 alirudi kuvuka Afrika tena, mara hii kwa mashua ya mota. Alikufa mwaka wa 1968, mzee wa zaidi ya miaka tisini.

Mwaka huo huo wa 1968 Umoja wa Mataifa uliipa nchi ya kusini-magharibi jina la Namibia. Na wakati huo, ndugu wasomaji, njia ilikuwa ikipitwa tena. Katika miaka ya 1960 vijana wa SWAPO waliokimbia kwao walifika Bandari Salama, chama chao kikapata ofisi hapa. Wengi wao wakapelekwa kambi ya Kongwa, karibu na Mpwapwa, penye njia ile ile ya misafara iendayo Marenga Mkali. Kutoka Kongwa baadhi yao walishika safari ya kurudi, wakapita Zambia kwa magari na kwa miguu, mpaka wakafika kaskazini mwa Namibia, na huko Omugulugwombashe, tarehe 26 Agosti 1966, wakapigana na polisi wa Afrika Kusini. Bendera yao ilipanda Windhoek tarehe 21 Machi 1990.

Mzee mmoja wa jirani yetu hapa Keko, fundi seremala, alikuwa utingo katika malori ya Zambia zamani hizo, kabla ya reli ya TAZARA kumalizika mwaka wa 1975, wakati barabara ilikuwa tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Nilimwuliza kama aliwabeba vijana wale. Akapiga randa mara mbili tatu, akasema katika lori la usiku utingo haulizi abiria anakwenda wapi; kazi yake ni kushika jiwe.